Nilivyokwenda Kumtafutia Wanjala Ukoo

Ninyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri kwanza. Mmekuja mmoja mmoja kuniuliza, huyu nikichuma kunde, yule nikipuliza moto: "Kukhu, huko Bokoli kulitokea nini?" Nyanya yenu amechoka kurudia. Nimeandika mara moja, kwa mkono huu uliojifunza kuandika kanisani nikiwa tayari mama wa watoto. Herufi zikipinda msicheke. Hasira yangu haikupinda.

Mambo ya kipande, na ruhusa ya bwana shamba, na tiketi, sitawaandikia. Hayo yanajulikana na hayana utamu.

Kabla ya kutoka

Wanjala alikuwa baba wa mume wangu. Ndiye mtu wa kwanza kufyeka na kujenga upande huu wetu wa Kachibora, kabla mzungu hajaja na majembe yake ya kukokotwa na ng'ombe kusema ati shamba ni lake na sisi ni maskwota. Alikuja peke yake, na shoka na jembe la mkono. Akiulizwa ametoka wapi, alijibu, "Kule maji yanaanguka," basi, anarudisha kiko mdomoni. Jina Wanjala kwetu hupewa mtoto aliyezaliwa wakati wa njaa. Zaidi ya hapo hatukujua kitu. Mume wangu alikufa bila kujua, na mwanangu Yohana akakua bila kujua.

Kitu kimoja cha ajabu Wanjala alituachia. Mnajua mvulana akikaribia kutahiriwa huenda kwa mjomba wake, achinjiwe ng'ombe, avalishwe ile nyama ya kidari shingoni, ndipo akimbie nayo kurudi kwao. Wanjala alikataa mjomba kuivalisha. Nyama ilirudi nyumbani mkononi, na katika boma lake ilivalishwa na mwanamke, tena kwa mkono wa kushoto. Mimi mwenyewe nilimvalisha Yohana hivyo, kwa sababu baba mkwe alisimama nyuma yangu na fimbo. Majirani walicheka wakachoka. Tukasema ni wazimu wa mzee, na wazimu wa mzee huheshimiwa.

Sasa Nekesa, binti ya Yohana, akapendana na Wafula, seremala wa pale Kitale, mtoto wa kwao Bungoma. Wazee wao wakaja, wakiongozwa na babu ya kijana, Mzee Barasa. Tukawachinjia kuku. Wakala, wakapangusa mikono. Ndipo Barasa akauliza, "Huyu aliyeanzisha boma hili alikuwa wa ukoo gani?"

Yohana akasema, "Hatujui, baba."

"Hamjui? Na kama ni wa ukoo wetu? Tutamwoza kijana dada yake? Hatuwezi kuoa gizani." Akachukua fimbo yake akaondoka, na wenzake nyuma yake.

Sikatai sheria. Watu wa ukoo mmoja hawaoani, hata mtoto anajua. Lakini swali la namna hiyo huulizwa kabla ya kuku, si baada ya kuku. Habari ikazunguka ati kwetu ni kwa watu wasio na kwao. Nekesa akaacha kula. Nyuma yake kuna wadogo zake wa kike, na nani angekuja tena kubisha kwa mtu wa gizani? Nikamwambia Yohana, "Funga viatu. Tunaenda kule maji yanaanguka."

Kachibora mpaka Kitale

Tuliondoka na gari la ng'ombe la shamba lililokuwa likipeleka mahindi stesheni. Mvua ya Agosti ilikuwa imefanya barabara uji. Gurudumu lilizama, likatolewa, likazama. Dereva alikuwa mtu wa kusalimia. Kila aliyemwona njiani ilikuwa lazima ajue ng'ombe wake wanaendeleaje. Mimi nilikuwa nimekalia magunia na kuku wa safari miguuni, maana kwa wageni huendi mikono mitupu.

Yohana mwanangu ni mtu mwema. Wema wake ni wa kukubali kila kitu. Dereva alipomwambia, "Lakini Mzee Barasa ana haki, bana," Yohana akasema, "Kweli, ana haki kidogo."

Nikamwambia, "Shuka usukume gurudumu na hiyo haki kidogo."

Alishuka.

Kitale mpaka Leseru

Ndani ya treni tulikaa na bwana mmoja wa koti, aliyesema ni mwalimu. Alipojua tuendako, hakungoja kuulizwa. "Hao kina Wanjala waliokwenda huko kwenu Cherangany zamani walikuwa watoto wa Kielgoni, wale wa mlimani. Walitekwa vitani. Hawana ukoo."

"Ulimjua?" nikamwuliza.

"Hapana, mama, lakini ndivyo ilivyokuwa."

"Wewe ulizaliwa lini?"

Watu wakacheka. Alifungua dirisha akatazama nje mpaka tulipofika.

Leseru ndipo unaposhuka ungoje treni kubwa inayokwenda Bungoma na kuendelea mpaka Uganda. Ilichelewa. Tulikula viazi vitamu vilivyopoa, tukamaliza, ikazidi kuchelewa. Kalasinga mmoja, fundi wa reli, mzee wa ndevu nyeupe, alikuwa akipika chai karibu na stoo ya vyuma. Alinipa kikombe.

"Mama, unatafuta nini?"

"Ukoo wa baba mkwe wangu."

"Yeye mgonjwa?"

"Amekufa zamani."

Akatikisa kichwa sana. "Amekufa, basi anataka ukoo ya nini?"

"Yeye hataki kitu. Wanaotaka ni walio hai, tena waliokula kuku wangu."

Alifikiri. Halafu akasema, "Mimi jina ya kijiji yangu najua. Jina ya baba, babu, yote najua. Lakini walikata nchi yetu mbili, sasa kijiji iko upande ya wengine. Ndugu yangu yote walikimbia. Kujua haikusaidia mimi."

Nilimwachia ndizi. Chai yake ilikuwa na tangawizi nyingi mpaka machozi yakanitoka, na Yohana akafikiri nalia.

Webuye

Tulishuka Webuye. Unasikia maporomoko ya Nabuyole kabla hujayaona. Niliposimama juu ya mawe yale na ule moshi wa maji usoni, nikajua Wanjala hakudanganya. Maji yanaanguka.

Tukaelekezwa kwa wazee wa hapo. Walikuwa wamekaa na chungu cha busaa, mirija mirefu midomoni. Nikasalimu, "Mulembe." Wakamjibu Yohana. Nikaeleza shida yangu. Wakamgeukia Yohana: "Huyu mama anasema nini?"

Si nilikuwa nikisema Kibukusu chao wenyewe! Yohana akarudia maneno yangu, yale yale, na yakasikika.

Mkubwa wao akasema, "Mambo ya ukoo hayasemwi kwa mdomo mkavu." Nikatoa kuku. Akachinjwa, akapikwa, na ugali wa wimbi mweusi uliokolea vizuri, siwezi kusema uongo, mpishi wao alijua kazi. Walipomaliza, wa kwanza akasema Wanjala alikuwa Mteso. Wa pili akasema hapana, alikuwa mwizi wa mbuzi aliyefukuzwa. Wa tatu, aliyekuwa amekula paja, akasema hajawahi kusikia jina hilo.

Nikasimama. "Wazee wangu," nikasema, "huko kwangu mwizi wa kuku huja usiku. Ninyi mmeniita mchana."

Yohana akanivuta shuka. "Mama, hawa ni wazee."

"Hata mamba huzeeka."

Mmoja akasema nyuma yetu, "Mwanamke anatafuta ukoo! Kesho atataka kutahiri!" Wakacheka, mirija ikatikisika. Nawaambia wajukuu, nimezaa, nimezika, nimelima shamba la mzungu na langu, na sijawahi kukasirika namna ile. Nilitembea mbele ya Yohana bila kujua njia inakwenda wapi. Ilikuwa inakwenda Bokoli.

Barabara ya Bokoli

Ulikuwa mwaka wa kutahiri. Njia nzima ilikuwa kengele, filimbi na nyimbo. Tukapishana na kundi linalomrudisha kijana kutoka kwa mjomba wake, amepakwa unga, nyama ya kidari inaning'inia shingoni, nzi wamefuata, na shangazi zake wanaruka mbele.

Nikasema kwa sauti, maana hasira hainong'oni, "Yohana, ona. Hawa wanavalishwa na wajomba. Sisi peke yetu ndio tunaovalishwa na mwanamke."

Shangazi mmoja akasimama. "Ati nini? Mwanamke anavalisha nyama? Kwenu ni wapi huko, mama, kwa fisi?"

"Kachibora. Na watoto wetu wote walipona, asante."

"Mayo!" Akawaita wenzake. "Njooni msikie maajabu!" Wakanizunguka, wakacheka, mpaka mmoja wa makamo akaacha kucheka. Akauliza, "Ni nani aliwafundisha hivyo?"

"Baba mkwe wangu, Wanjala."

"Hapa Bokoli kuna bibi mmoja tu aliyewahi kutajwa kwa jambo hilo, na alikufa zamani. Lakini binti yake yuko. Anaitwa Namalwa. Piteni ule mti wa mvule uliopigwa radi. Na msiingie na maneno mengi. Anauma."

Tulimkuta Namalwa mlangoni akipepeta wimbi. Mzee kabisa, mwembamba kama mwiko, macho makali. Hakutukaribisha.

"Mulembe," nikasema.

"Kama mmetumwa na kanisa, mimi nimebatizwa tayari."

"Nimekuja kuuliza juu ya mtu aliyevalishwa nyama na mwanamke."

Ungo ukasimama. "Nani amekuambia unicheke?"

"Sikucheki. Mimi mwenyewe nimemvalisha mwanangu huyu. Baba mkwe alituamuru."

Akamtazama Yohana, kuanzia viatu mpaka nywele. Halafu akaniuliza polepole, "Ulimvalisha kwa mkono gani?"

"Wa kushoto," nikasema. "Alikuwa mkali kwa hilo. Ukileta wa kulia anakupiga fimbo."

Namalwa akaweka ungo chini. Wimbi likamwagika na hakuliokota. Kuku wakaja, wakala, hakuwafukuza.

"Mama yangu," akasema, "mkono wake wa kulia ulikuwa umekauka. Tangu utoto. Alifanya yote kwa kushoto."

Nikakaa chini, pale pale kwenye vumbi.

Alitueleza jikoni, akitupikia kunde kwa maziwa na magadi. Mama yake aliitwa Nasimiyu. Aliolewa hapo, mumewe akafa mapema. Wakati wa njaa kubwa alimkuta mtoto wa kiume karibu na maporomoko, amelala kando ya mwanamke aliyekufa. Hakuna aliyejua mwanamke yule ametoka wapi. Watu walikuwa wakitembea tu, wakifuata chakula kisichokuwako. Nasimiyu akambeba, akamwita Wanjala, akamnyonyesha pamoja na Namalwa.

"Nilikuwa namlia maziwa yake," Namalwa akasema, "na yeye ananilia yangu. Alipokua alinibeba mgongoni."

Siku za kutahiriwa zilipofika, Wanjala hakuwa na mjomba wa kumchinjia. Nasimiyu akaenda kwa wazee wa ukoo wa mumewe, akaomba mmoja asimame kama mjomba. Wakakataa. Basi akachinja mtamba wake, wa pekee, akakata kidari, akamvalisha kijana mbele ya watu wote kwa ule mkono wake mzima. Ngariba alifanya kazi yake, maana ngariba haulizi. Lakini kidonda kilipopona, wazee walimwita Wanjala wakamwambia, nyama ya mkono wa mwanamke haimfanyi mtu kuwa wa ukoo. Wewe si wetu. Hapa hutalima, hapa hutaoa.

"Akachukua shoka la baba," Namalwa akasema. "Mama alimsindikiza mpaka mtoni. Hatukusikia tena. Mama alikufa akiuliza kila msafiri."

Yohana alikuwa analia waziwazi, mtu mzima na ndevu. Mimi nilikuwa na swali.

"Huo ukoo wa baba yako, waliomkataa, ni ukoo gani?"

"Balukhoba."

Nikaacha tonge. "Balukhoba ni kina Barasa wa Bungoma," nikasema, "wanaokataa kumwoa mjukuu wangu."

"Barasa wa Bungoma!" Namalwa akacheka, cheko baya. "Hakuwa wa Bungoma wakati huo. Alikuwa hapa. Alitahiriwa asubuhi moja pamoja na Wanjala, mto mmoja, wakapakwa matope mamoja. Ni rika lake."

Bungoma, nje ya ua

Namalwa alisema atakuja. Nilimwambia miguu yake haitafika. Alisema imengoja safari hii maisha yake yote. Tukapanda treni pamoja, na njiani alimkaripia kila mtu aliyemkanyaga, hata ambaye hakumkanyaga.

Bungoma kulikuwa na shida ya adabu. Mwanamke haingii nyumbani kwa mkwe wake kabla ya ng'ombe, wala hatazamani naye uso kwa uso. Mimi nitalalamika, ndiyo, lakini sitavunja adabu. Nikasimama nje ya ua wa Barasa, ule wa mnyaa uliopandwa ukashikana kama ukuta, na Yohana akaingia kumwambia. Nikasikia kiti kikiburutwa. Barasa alikaa upande wa ndani, amenipa mgongo. Wazee wenzake wakasogea. Majirani nao wakakumbuka ghafla kuwa wana kazi karibu na ua ule.

"Mulembe, mkwe," nikasema.

"Mulembe. Umepata ukoo?"

"Nimepata habari. Mzee, ulimjua kijana aliyevalishwa nyama na Nasimiyu wa Bokoli?"

Jogoo akawika bila sababu.

"Zamani sana," akasema.

"Si zamani!" Namalwa akapiga ua kwa fimbo. "Barasa! Wewe ulikuwa unatetemeka kwa baridi ya matope, Wanjala akakuambia usimame karibu naye. Nilikuwa nachungulia! Umesahau?"

Tukasikia mzee akivuta pumzi. "Namalwa," akasema, "bado uko hai?"

"Niko hai nikusute."

Mzee mmoja ndani akaanza, "Kama alilelewa na mke wa Balukhoba, basi ni mwana wa Balukhoba. Harusi haiwezekani. Shauri limekwisha."

Hapo ndipo niliponyoosha sauti. "Halijakwisha! Nataka jibu moja, na nalitaka kwa Barasa, maana alikuwepo. Mlimpokea au mlimkataa? Kama mlimpokea, ni ndugu yako, na Nekesa ni kitukuu chako. Ng'ombe wako kaa nao, sitawataka. Lakini utanionyesha shamba lake Bokoli liko wapi, na utaniambia kwa nini mwana wa Balukhoba alikwenda kulala msituni na shoka. Na kama mlimkataa, basi si wenu, damu yake si yenu, na huna neno la kumzuia Wafula. Huwezi kumtupa mtu akiwa hai, halafu umdai akiwa amekufa. Chagua moja."

Yohana aliniambia baadaye kwamba Barasa alikuwa ameinama akichora chini kwa kidole.

"Ulijua," nikasema. "Ulipokaa kwangu ukala, ulijua."

"Nilishuku," akasema. "Mwaka wa kutahiri uliopita nilipita Kachibora, nikaona kijana wenu mdogo akivalishwa nyama na mwanamke, kwa kushoto. Nikashuku. Nilitaka mtu mwingine aseme, nisiwe mimi."

"Na sisi tukaitwa watu wa gizani."

Kisha akasimama, nikaiona kofia yake juu ya mnyaa. Hakugeuka.

"Tulimkataa," akasema. Akarudia kwa sauti ili walio nje wasikie. "Balukhoba tulimkataa Wanjala. Nilikuwepo, na nikanyamaza. Si wa ukoo wetu. Wafula aoe."

Wanawake wa pale walipiga vigelegele. Mimi sikupiga. Mnafikiri nilifurahi? Nilikuwa nimesafiri kumtafutia baba mkwe watu wake, na neno nililolipata, lililomwokoa Nekesa, ni kwamba alitupwa. Nilisimama na miguu yangu ya matope nikamhurumia yule mzee na kiko chake, miaka yote akisema maji yanaanguka, na sisi tukidhani ni kiburi.

Nikasema, si kwa mtu, "Kwa hivyo kweli hakuwa na mtu."

Namalwa akanipiga fimbo ya mguu. Iliuma. "Pumbavu. Mimi je?"

Kurudi nyumbani

Kurudi hakukuwa na taabu ya kuandikwa, ila treni ilichelewa tena Leseru, na yule Kalasinga akaniuliza kama nimepata. Nikamwambia, "Nimepata shangazi." Akasema hiyo mzuri kuliko kijiji.

Namalwa tulimrudisha Bokoli kwanza, akavune wimbi lake, tukapatana siku.

Nilipofika niliwaita wote uani, na wale mliokuwa wadogo mnakumbuka, hata maji ya kunywa sikuwa nimeomba. Niliwaambia hivi:

"Ng'ombe wa kina Wafula wanakuja. Yohana, utakwenda na gari umlete Namalwa, na utamkalisha kiti cha mbele, mbele ya Barasa na wazee wake wote. Kuku hatachinjwa mpaka maneno yaishe. Ng'ombe akichinjwa, kidari ni cha Namalwa, na Nekesa ndiye atakayempa, kwa mkono wa kushoto, na asiombe radhi. Tangu leo mtu yeyote akiwauliza ukoo wa nyumba hii, msitazame chini. Mwambieni sisi ni watu wa Nasimiyu. Haya, mbona mnanitazama? Chukueni fagio."